Nguvu za kukokota si nguvu za kubeba

IKIWA una ndugu au jamaa Marekani, huenda umewahi kutumiwa picha ya namna hii: pikapu kubwa inayong'aa, na nyuma yake imefungwa nyumba nzima ya magurudumu, ndefu kama basi. Ndani mna vitanda, jiko, friji, choo na bafu. Wenyewe huiita nyumba ya kusafiria. Sisi hapa tumezoea kuiita karavani.

Picha ni tamu. Kinachofuata ni barua au simu ya kujisifu: "Tumepata karavani ya mita tisa, na muuzaji ametuhakikishia kuwa pikapu yetu itaikokota bila wasiwasi."

Msomaji mpendwa, hapo ndipo ninapokuomba usikimbilie kupiga makofi. Uliza kwanza swali moja dogo: je, pikapu hiyo itaweza kuibeba?

Utaambiwa, "Kubeba vipi, na karavani ina magurudumu yake?" Naam, ina magurudumu yake. Lakini sehemu ya uzito wake hulala juu ya mgongo wa pikapu kila hatua ya safari. Familia nyingi hununua kwa kutazama nguvu za injini na kusahau mgongo. Gharama ya kusahau huko si fedha tu. Ni maisha ya waliokaa kiti cha nyuma wakiimba.

Waliosema mzigo wa mwenzio ni kanda la usufi walimjua muuzaji wa magari. Kwake yeye, mzigo utakaokokotwa na wengine ni mwepesi daima.

*Somo la mkokoteni*

Kabla ya kuvuka bahari, twende kwanza sokoni. Ukisimama asubuhi pale Marikiti au Gikomba, mtazame mvuta mkokoteni anavyopanga magunia ya viazi.

Akiyarundika yote nyuma, mikono ya mkokoteni huinuka na kutaka kumning'iniza hewani. Akiyarundika yote mbele, mikono humlemea hata magoti yakatetemeka. Kwa hiyo huweka mzigo mkubwa juu ya ekseli, na kuuacha uelemee mbele kidogo tu. Hakusomea chuo chochote, lakini anajua kuwa mkokoteni ulioelemea nyuma hauna adabu barabarani.

Karavani ni mkokoteni mkubwa. Mbele ina mkono wa chuma wenye umbo la pembetatu, na mkono huo hukaa juu ya tufe la chuma lililofungwa nyuma ya pikapu. Uzito unaolikandamiza tufe hilo ndio tutakaouita uzito wa mkono.

Kanuni inayofuatwa Marekani ni kwamba uzito wa mkono uwe kati ya asilimia 10 na 15 ya uzito wa karavani yote iliyopakiwa. Ukiwa chini ya hapo, karavani huanza kutikisa mkia kama mbwa aliyemwona bwana wake. Ukizidi mno, pikapu hukaa chini nyuma na kuinua pua.

Kwa hiyo karavani ya kilo 3,400 itaweka kati ya kilo 340 na 510 juu ya pikapu. Huo ni uzito wa watu wazima watano au sita, wote wamekaa ukingoni kabisa mwa gari, nyuma ya ekseli ya nyuma. Nao hawashuki hadi mwisho wa safari.

*Namba mbili, si moja*

Katika matangazo ya pikapu utakuta namba moja iliyoandikwa kwa herufi za kutisha: uwezo wa kukokota. Pikapu moja itadai kilo 4,500, nyingine 5,000, nyingine zaidi. Wanaume huzikariri namba hizo kama mashabiki wanavyokariri mabao ya Gor Mahia.

Namba ya pili haitangazwi sana. Hiyo ni uwezo wa kubeba, yaani uzito wote unaoweza kuwekwa juu ya pikapu yenyewe: dereva, abiria, mizigo ya nyuma, vyuma vya kukokotea, na uzito wa mkono wa karavani.

Namba hiyo iko wapi? Fungua mlango wa dereva. Kwenye nguzo ya mlango utaona kibandiko cheupe chenye mstari wa manjano. Kimeandikwa kwamba jumla ya uzito wa watu na mizigo isipite kilo kadha wa kadha. Sheria ya Marekani inataka kila gari la kawaida liwe nacho, na namba yake ni ya gari hilo hilo ulilolisimamia, si ya gari la jirani.

Hili ni jambo muhimu. Pikapu mbili za aina moja na mwaka mmoja zaweza kutofautiana kwa mamia ya kilo. Iliyowekewa viti vya ngozi, paa la kioo, magurudumu makubwa na uendeshaji wa magurudumu yote manne imekwisha kula sehemu ya uwezo wake kabla hujaingia ndani. Anasa nayo ni mzigo.

Usidanganywe na majina pia. Wamarekani huzigawa pikapu zao katika madaraja ya nusu tani, robo tatu tani na tani moja. Ford F-150, Chevrolet Silverado 1500 na Ram 1500 ni za nusu tani. F-250 na zile za 2500 ni za robo tatu. F-350 na 3500 ni za tani moja. Majina hayo ni ya zamani, na pikapu za leo hubeba zaidi ya majina yao. Lakini mpangilio wa nani ana mgongo mpana kuliko nani bado ni ule ule.

*Tufanye hesabu*

Mwanafunzi, chukua kalamu. Tuseme shemeji yako anaishi Dallas, na majira ya joto anataka kuipeleka familia kwenye milima ya Colorado, safari ya zaidi ya kilomita 1,200 kwenda tu. Ana pikapu ya nusu tani. Kitabu chake kinasema itakokota kilo 4,500. Kibandiko cha mlango kinasema itabeba kilo 725.

Karavani aliyoipenda ina kikomo cha kilo 3,400 ikiwa imejaa. Ukitazama namba ya kukokota peke yake, shemeji ana akiba ya kilo 1,100. Ndiyo maana muuzaji anatabasamu.

Sasa tuitazame namba ya pili. Baba ana kilo 90, mama 75, watoto watatu kwa jumla 120. Hao ni kilo 285. Zimebaki 440.

Chuma cha kukokotea cha kisasa, pamoja na vyuma vyake vya kusawazisha uzito, chaweza kufika kilo 45. Zimebaki 395.

Nyuma ya pikapu kuna baiskeli, jenereta ndogo, sanduku la barafu, viti vya kukunja na kuni. Weka kilo 90. Zimebaki 305.

Sasa uje mkono wa karavani. Chukua asilimia 12 ya kilo 3,400 na utapata kilo 408. Shemeji amezidisha kilo 103, na hata chupa ya maji ya kunywa haijaingia ndani.

Je, akijibana hadi asilimia 10? Mkono utakuwa kilo 340. Bado amezidi kwa 35. Tena akipunguza uzito wa mkono chini ya hapo ili kuridhisha kibandiko, atakuwa ameikaribisha ile hatari ya kutikisa mkia. Amekimbia mvua akaingia mtoni.

Bandubandu humaliza gogo. Hakuna kitu kimoja hapo kilichokuwa kizito mno. Vyote kwa pamoja ndivyo vilivyommaliza.

Afanyeje basi? Ana njia tatu. Ya kwanza, achague karavani ndogo. Kwa kilo 305 zilizobaki, na mkono wa asilimia 12, karavani ikijaa isipite kama kilo 2,500. Ya pili, baadhi ya mizigo ihamie ndani ya karavani, karibu na ekseli zake. Kilo zote 90 zikihama atakuwa na kilo 395 za mkono, na karavani nzima, pamoja na mizigo hiyo, isipite kilo 3,290. Ya tatu, atafute pikapu ya robo tatu tani.

Njia hiyo ya tatu ina mtego wake. Pikapu ya dizeli hukokota kwa nguvu zaidi, lakini injini ya dizeli ni nzito, na uzito wake hutolewa katika uwezo wa kubeba. Katika daraja la robo tatu tani, utaona mara nyingi pikapu ya petroli inabeba zaidi ya mwenzake wa dizeli. Kwa hivyo hata huko, fungua mlango usome.

*Uzito wa karavani tupu*

Mtego mwingine uko upande wa karavani. Vijitabu vya mauzo hupenda kutaja uzito wa karavani ikiwa tupu kama ilivyotoka kiwandani. Lakini nani husafiri na nyumba tupu?

Karavani ya kilo 2,700 ikiwa tupu yaweza kuwa na kikomo cha 3,400. Hizo kilo 700 za katikati ni maji, gesi, betri, sufuria, matandiko, vyakula na nguo. Lita moja ya maji ni kilo moja. Tangi la lita 190 likijaa ni sawa na magunia mawili ya mahindi na zaidi. Halafu kuna tangi la maji machafu ambalo wengi husahau kulimwaga kabla ya kuondoka kambini.

Kwa hivyo hesabu yako ifanye kwa uzito wa kikomo, si uzito wa tupu. Ukikosea upande huo, umekosea upande wa salama.

Kumbuka pia kwamba hata namba za kukokota zimetokana na masharti maalum. Zamani kila kampuni ilijipimia yenyewe kwa njia yake, kama mchuuzi mwenye kibaba chake mwenyewe. Kisha wahandisi wakakubaliana juu ya kipimo kimoja kiitwacho SAE J2807. Toyota ilitangulia kukitumia mwaka 2011, na kampuni nyingine kubwa zikafuata miaka iliyofuatia.

Sehemu moja ya kipimo hicho ni mlima wa Davis Dam, jimbo la Arizona, ambapo barabara hupanda kwa kilomita 18 hivi katika joto la nyuzi 38, kiyoyozi kikiwa kimewashwa. Pikapu ya kawaida sharti isishuke chini ya kilomita 64 kwa saa. Huo ni mtihani wa haki. Lakini ndani ya pikapu huhesabiwa dereva na abiria mmoja, kila mmoja kilo 68 hivi. Hakuna watoto watatu, hakuna baiskeli, hakuna jenereta. Shemeji si yule aliyefanya mtihani huo.

*Upepo na mlima*

Uzito si adui pekee. Karavani kubwa ina upana wa karibu mita 2.6, na kimo chake hupita mita tatu. Mbele yake ni ukuta. Ukienda kasi, injini haivuti magurudumu tu bali inausukuma upepo. Ndiyo maana pikapu inayokokota karavani kubwa aghalabu hupata maili 8 hadi 10 kwa galoni, ambazo ni kama lita 26 kwa kila kilomita 100. Pikapu za umeme nazo huweza kupoteza karibu nusu ya mwendo wao kwa chaji moja.

Mlimani, hewa huwa nyepesi. Injini isiyo na taabo hupoteza takriban asilimia 3 ya nguvu zake kwa kila mita 300 unazopanda. Hata hapa Nairobi, kwenye mita 1,700 hivi, tayari imepungukiwa na karibu sehemu moja kwa sita. Huko Colorado, barabara kuu hupita kwenye handaki la Eisenhower lililo kwenye mita 3,400 hivi. Injini ya namna hiyo itakuwa imebaki na kama thuluthi mbili za nguvu zake. Yenye taabo huumia kidogo zaidi kuliko kukata tamaa, lakini nayo huhema.

Tena kupanda si kazi kubwa. Kazi ni kuteremka. Sisi Wakenya hatuhitaji kufundishwa na mtu hilo. Majina ya Salgaa na Mai Mahiu yanatosha kumtia mtu baridi. Lori likiachiwa liteleze bila gia, breki hushika moto, kisha huacha kushika kitu chochote.

Pikapu yenye karavani nayo ni lori dogo. Dereva ashuke na gia ndogo, aiache injini imzuie, na atumie breki kwa kubana na kuachia, asiikalie. Pikapu nyingi za kisasa zina kitufe cha hali ya kukokota kinachomsaidia kushikilia gia. Kitufe hicho kibonyezwe kabla ya mteremko, si katikati yake.

*Vyuma vinavyookoa*

Ipo vifaa vichache ambavyo mwenye karavani kubwa hafai kuvipigia hesabu ya bei rahisi.

Cha kwanza ni chuma cha kugawanya uzito. Mkono wa karavani ukilemea nyuma ya pikapu, ekseli ya mbele huinuka. Usukani huwa mwepesi, breki za mbele hupoteza mshiko, na taa usiku huwapofusha wanaokuja. Vyuma viwili virefu kama springi hukazwa kati ya pikapu na karavani na kurudisha sehemu ya uzito kwenye ekseli ya mbele na nyingine kwenye ekseli za karavani. Lakini jihadhari: havifuti uzito kupita kiasi. Vinausambaza tu. Chuma chenyewe cha kukokotea nacho kina kibandiko chake cha kikomo, na kikomo cha kutumia vyuma hivyo ni tofauti na cha kutovitumia.

Cha pili ni breki za karavani. Karavani kubwa za Marekani huwa na breki za umeme magurudumuni, na ndani ya pikapu huwekwa kidhibiti kinachozifanya zikanyage pamoja na za pikapu. Majimbo mengi hulazimisha trela linalopita kilo 1,360 liwe na breki zake. California ni kali zaidi. Humo kikomo ni kama kilo 680.

Cha tatu ni ule waya mwembamba uliofungwa kati ya karavani na pikapu. Karavani ikichomoka, waya huvuta swichi, na betri ndogo huzikanyaga breki za karavani yenyewe. Pamoja nao kuna minyororo miwili inayopitishwa kwa kupishana chini ya mkono, ili mkono ukianguka ulale juu ya minyororo na usichimbe lami.

Cha nne ni matairi. Mengi ya karavani, hasa ya zamani, yametengenezwa yasipite kilomita 105 kwa saa. Na California hairuhusu gari lenye kukokota kupita 88. Mwenye haraka na aende kwa ndege.

*Mkia ukianza kucheza*

Sasa tuseme yote yamefanywa, na bado lori kubwa linapita kwa kasi na upepo wake unaisukuma karavani. Mkia unaanza kwenda kushoto, kulia, kushoto, na kila mara zaidi. Moyo wa dereva unamwambia akanyage breki kwa nguvu na kuzungusha usukani. Moyo huo si mshauri mwema.

Akikanyaga breki za pikapu, karavani humsukuma mgongoni na kukunja msafara kama kisu cha mfukoni. Akipigana na usukani, huongeza yale yale mayumbo anayotaka kuyazuia.

Afanye hivi: aondoe mguu kwenye mafuta, ashike usukani ukiwa umenyooka, na kwa mkono abonyeze kidhibiti cha breki za karavani peke yake. Breki hizo huivuta karavani nyuma na kuinyoosha kama uzi. Msafara ukitulia, asimame mahali salama na kutafuta sababu. Mara nyingi ataikuta ndani ya karavani, mizigo mizito imewekwa nyuma ya ekseli. Mvuta mkokoteni wa Marikiti angemwambia hayo kabla hajaondoka.

*Karavani zilizopita kwetu*

Huenda ukadhani haya ni mambo ya Wamarekani na barabara zao laini. La hasha! Wally Byam, mwanzilishi wa kampuni ya Airstream inayotengeneza karavani za alumini zenye umbo la risasi, aliongoza msafara wa karavani 41 kutoka Cape Town hadi Cairo katika miaka ya 1959 na 1960. Walipita hapa Kenya, wakaingia Ethiopia ambako walionana na Mfalme Haile Selassie, na hatimaye wakaziegesha nyumba zao mbele ya piramidi za Misri.

Walifika. Lakini njia mbovu ziliwavunjia vyuma, zikawatoboa matairi, na mara nyingi iliwabidi kuvutana kutoka matopeni. Walichojifunza ni kwamba barabara hailali usingizi: kasoro ndogo iliyovumilika mjini huwa mkasa mahali pasipo na fundi.

Nasi leo twakokota. Tunakokota mashua kwenda pwani, farasi kwenda mashindanoni, jenereta kwenda harusini na matangi ya maji kwenda mashambani. Matrela mengi huchomelewa na mafundi wa jua kali, na baadhi yao hayana breki hata moja. Pikapu zetu za Hilux na D-Max, ambazo katika nchi kadhaa zimeidhinishwa kukokota hadi kilo 3,500 za trela lenye breki, ni ndogo kuliko za Marekani. Mgongo wao pia ni mdogo. Tena zina kikomo cha jumla ya gari na trela, ambacho wakati mwingine hukufanya upunguze mizigo ya ndani kadiri unavyoongeza ya nyuma.

*Mizani haina upendeleo*

Mwisho wa ubishi wote ni mizani. Sisi tunaijua mizani ya Mlolongo, Gilgil na Mariakani kama mahali pa foleni za malori. Marekani, vituo vingi vya malori vina mizani ambayo mtu yeyote mwenye gari dogo aweza kuitumia kwa malipo kidogo.

Mwambie shemeji afanye hivi. Aijaze pikapu familia na mizigo yote kama siku ya safari, kisha aipime bila karavani. Halafu aifunge karavani bila kukaza vile vyuma vya kugawanya uzito, na apime tena, magurudumu ya pikapu yakiwa kwenye sahani zake na ya karavani kwenye yake. Uzito ulioongezeka kwenye pikapu ndio uzito wa mkono. Mwisho akaze vyuma na kupima mara ya tatu, aone kama ekseli ya mbele imerudishiwa haki yake.

Kisha alinganishe na vibandiko: cha mlango, cha kila ekseli, cha chuma cha kukokotea, cha matairi na cha karavani. Kimoja kikizidi, safari haijawa tayari. Haisaidii kwamba vinne vingine viko sawa. Mnyororo hukatikia kwenye pete dhaifu.

Afanye hayo lini? Kabla ya kutia sahihi, ikiwezekana. Pikapu mpya ya aina hiyo aghalabu hupita dola 50,000, na karavani huongeza maelfu mengine. Mtu aliyekwisha kununua vyote viwili huanza kuzibembeleza namba. Ambaye hajanunua huzisikiliza.

Kwa hivyo, msomaji, picha ile ikija tena kwenye simu yako, mpongeze shemeji kwa uungwana. Mwambie karavani ni nzuri na watoto wamependeza. Kisha mwombe akutumie picha nyingine moja tu: ya kibandiko kilicho kwenye mlango wa dereva. Akiuliza ya nini, mfanyie hesabu tuliyoifanya hapa. Huenda akanuna kwa siku mbili. Hata hivyo, heri shemeji aliyenuna akiwa Dallas kuliko simu ya usiku kutoka milimani.

Hadi Jumapili ijayo, safari njema.